Masizi Kwenye Birika la Ma Damari

Vijana, nimeombwa niwaandikie kuhusu kazi, na nimekubali kwa sababu mwalimu wenu hakunipa nafasi ya kukataa. Alikuja hapa kwangu Kagondo, akakaa, akanywa chai vikombe viwili, akasema wanafunzi wake wanajua kupiga hesabu za wati na ampea lakini hawajawahi kumwona fundi mzee. Haya, nioneni. Nina magoti mawili mabovu, sikio moja linalovuma kwa sababu ya makompresa niliyolala nayo jirani, na mkono wa kulia ambao hadi leo ukipita karibu na friji unataka kuligusa kwa nyuma. Mke wangu hunikataza tukiwa kwenye nyumba za watu. Anasema naonekana kama mtu anayepapasa ng'ombe wa jirani.

Msitegemee nianze mwanzo. Mwanzo ni mbali na mimi nimechoka. Nitawaambia habari ya huo mkono, halafu habari ya mama mmoja wa Ijumbi, kisha nitawaacha mwende zenu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Ta Kagaruki. Alikuwa fundi mkuu wa majokofu kwenye kiwanda cha samaki pale mjini Bukoba, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Miezi yangu ya kwanza hakuniruhusu nishike geji, kile kipimo cha presha ya gesi. Nilikuwa nimetoka shule na vyeti vyangu, nataka geji, nataka kuonekana. Yeye akaniambia, "Geji utaisoma. Kwanza shika bomba."

Alinifumbisha macho nikapapasa mabomba mawili ya mtambo. Lile nene linalorudi kwenye kompresa linapaswa kuwa la baridi lenye jasho. Lile jembamba linalotoka kwenye kondensa linapaswa kuwa vuguvugu, kama mkono wa mtu mwenye afya. Ukikuta yote mawili yanafanana, usijisumbue na geji, mtambo umekufa au uko njiani. Kuna bomba la tatu hakuniambia. Nililishika mwenyewe, lile linalotoka kwenye kompresa moja kwa moja, na ngozi ya kiganja ikabaki pale. Ta Kagaruki alicheka hadi akakaa chini kwenye kreti.

"Hilo sasa umelijua," akasema. "Sina haja ya kukufundisha."

Ndiyo shule niliyosoma. Siku hizi mnatazama simu, simu inawaambia tangi lina nyuzi ngapi na betri imejaa kiasi gani. Sizidharau simu zenu. Ningekuwa nayo moja inayoshika mtandao kule Ijumbi, pengine nisingekuwa nawaandikia haya. Lakini mtandao ule hushika ukiwa umesimama juu ya kichuguu, na mimi nilikuwa na mkono, na mkono sikuutumia.

Kabla ya Ijumbi niwaeleze ya visiwani, kwa sababu visiwani ndiko nilikoharibiwa.

Kwa miaka mingi nilitumwa kwenye visiwa vya Muleba kutengeneza vyumba vya baridi na mitambo ya barafu. Watu wa kule wametoka kila upande: Wakerewe, Wajita, Wasukuma, Waha, na wengine ambao hata wao wenyewe hawataki kusema wametoka wapi. Samaki hangoji. Kwa hiyo watu wale hawana muda wa adabu. Barafu ikianza kudondosha tone moja tu, unasikia jina lako likiitwa kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, kwa sauti ya kuitia mwizi. Kuna mama mmoja mchuuzi wa sangara alinikuta nakula. Akaweka samaki aliyelegea juu ya kisanduku changu cha vifaa, macho ya samaki yameshaingia ndani.

"Fundi! Samaki wangu analia machozi na wewe unakula wali?"

Nilitukanwa kwa lugha nyingi kule, nyingine sikuzijua hata majina yake. Nami nilizoea. Nikajenga kichwani mwangu kanuni ya kijinga: watu wakipiga kelele, mtambo ni mbovu, watu wakinyamaza, mtambo ni mzima. Visiwani kanuni hiyo haikunidanganya hata mara moja, na ndiyo niliyopanda nayo mlima wa Ijumbi.

Nilikuwa karibu kustaafu pale Erasto aliponitafuta. Erasto ni mtoto wa Ijumbi, yuko Mwanza kikazi, amesoma ughaibuni katika nchi yenye baridi ya kugandisha maji ndooni. Alinitandazia karatasi mezani, akanichorea mashine ambayo huko watu hupashia nyumba zao. Nilitazama mchoro ule nikacheka. Lilikuwa friji. Friji lile lile nililolijua tangu ujana, ila limegeuzwa mgongo. Friji hutoa joto ndani ya kabati na kulimwaga nyuma. Hii inatoa joto kwenye hewa ya nje, hata hewa ile mnayoiita baridi, na kulimwaga ndani ya tangi la maji. Wanaiita pampu ya joto. Umeme wake ungetoka kwenye paneli za jua na betri, maana umeme wa nguzo ulikuwa haujafika upande ule wa kilima.

Nilimwuliza kwa nini mtu wa Muleba ahitaji kupasha nyumba. Akanijibu bila kucheka.

Mama yake, Ma Damari, mjane wa mwinjilisti, alikuwa na umri unaozidi wa mama yangu mzazi. Kifua chake kilikuwa kimeliwa na moshi. Si sigara, moshi wa jikoni, wa miaka yote ya kupika na kuota moto. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asikae tena penye moto wa kuni. Lakini Ijumbi wakati wa masika si mchezo, mvua inanyesha, ukungu unaingia hadi sebuleni, na mifupa ya mzee inadai joto. Kila Erasto alipoondoka, mama alirudi kwenye jiko la nje, akafunga mlango, akakaa na mafiga yake matatu.

"Fundi," Erasto aliniambia, "mama akirudi kwenye moshi, nimempoteza. Nakukabidhi."

Nikasema sawa. Nilisema kwa haraka sana, naona sasa.

Tulifunga mashine wakati wa kiangazi. Mabomba ya maji ya moto tuliyapitisha chini ya sakafu ya sebule na ya chumba chake cha kulala, na bomba jingine likaenda bafuni. Ma Damari alikaa kwenye kigoda akitusimamia, kitenge begani, akiuliza maswali kuliko mkaguzi. Nilipomweleza kwamba mashine itachukua joto la nje na kuliingiza ndani, alifikiri kidogo.

"Joto la kibanja?"

"La hewa ya kibanjani, Mae," nikamjibu, yaani mama kwa Kihaya.

"Na migomba yangu ikipata baridi?"

Nikamhakikishia kwamba migomba haitajua. Hakuridhika. Nadhani kwa wiki ya kwanza alikuwa akiitembelea kuijulia hali.

Tuligombana kuhusu nyasi. Nyie watoto wa mjini hamjui, lakini nyumba ya Mhaya mwenye heshima zake hutandikwa nyasi mbichi sakafuni, mgeni akiingia anasikia harufu. Nikamwambia nyasi zitazuia joto lisipande. Akaniuliza kama mama yangu alinizaa juu ya saruji tupu. Tukapatana: nyasi zikae ukutani kuzunguka, katikati paachwe wazi. Siku tulipowasha, alivua viatu akasimama pale katikati, miguu yake ya mkulima imepasukapasuka, akanitazama kwa mshangao.

"Mwana wange, sakafu ina homa!"

Nimefunga mitambo mingi maishani, na sikumbuki kusifiwa vizuri kuliko siku ile. Krismasi ile Ma Damari aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya wanawake, kanisa zima likamsikia. Erasto alinishika mkono nje ya kanisa, akachelewa kuuachia.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana mnaweza kulifanya hata kesho. Paneli zilipaswa kukaa juu ya bati la nyumba kubwa. Bati lile liko juu, na ngazi ilikuwa ndefu, na magoti yangu siku ile yalikuwa yakiuma tangu asubuhi. Pembeni kulikuwa na stoo ya kahawa, paa lake fupi, unalifikia kwa kupanda vipandio vichache. Nikajiambia jua ni lile lile. Nikazifunga juu ya stoo. Nyuma ya stoo kulikuwa na chipukizi la mgomba linalonifika begani, nami nimezaliwa kwenye kibanja, nimelishwa ndizi kabla ya meno, na nililitazama lile chipukizi nisilione. Mhaya gani hajui mgomba unavyokua? Nilikuwa nimechoka, vijana. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Kivuli hakihitaji kuwa kikubwa. Paneli zikiwa zimeungwa mfululizo, jani moja likilala juu ya moja tu, safu yote inalegea. Ongeza mawingu ya masika. Betri zinashuka, mashine inajizima kujilinda, na sakafu inapoa.

Kosa langu la pili ndilo kubwa.

Nilikuwa nimejiwekea desturi ya kupita Ijumbi kila nikienda Muleba siku ya soko kwa shughuli zangu. Masika yalipoanza nilipita. Nilifika nimelowa, nimechoka kwa kilima, nikasimama kidogo nyuma ya stoo nijikinge mvua chini ya majani mapana ya mgomba. Ndiyo. Mgomba ule ule. Nikajifuta uso, nikaenda mlangoni, nikabisha.

Ma Damari alinikaribisha. Nilimpa shikamoo, tukajuliana hali za nyumba zote mbili mtu kwa mtu. Akaniletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, nikachukua mbili tatu. Nikauliza, "Mashine inaendeleaje, Mae?"

"Ni nzima, waitu. Tunamshukuru Mungu."

Waitu ni neno letu la upendo, kama kusema mtu wetu. Chakula kikaja, ndizi na maharage, kutoka kwa jirani aliyekuwa akimpikia tangu daktari akataze moto. Akaniletea beseni na birika, akaninawisha mwenyewe. Maji yalikuwa ya moto, moto mzuri, unaoingia hadi kwenye viungo vya vidole. Nikafunga macho. Nilijisikia fahari. Nikamwambia, "Maji yenu matamu haya!" Akatabasamu. Nikala, nikaaga, buti zikiwa miguuni, sakafu sikuigusa. Tangi liko nyuma ya mlango wa pili kutoka pale nilipokuwa nimekaa, hatua nane au tisa. Sikuziendea.

Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Mvua, mgomba, kahawa, "ni nzima, waitu," maji ya moto. Alikuwa akikohoa. Nikamwambia ni hii mvua, ajifunike vizuri. Mimi! Nikamwambia mvua.

Mara ya tatu nilimkuta amekonda. Alipoinua birika aninawishe lilimwelemea, nikainuka kumpokea. Alivuta birika nyuma, kama mtu anayeficha kitu, lakini nilikuwa nimeshalishika kwa chini. Kiganja changu kilitoka cheusi.

Masizi. Kwenye birika la nyumba isiyo na moto.

Tukatazamana. Nilimsikia akisema taratibu, kama anayeomba radhi, "Bojo, leo nimesahau kulisugua."

Sikumwelewa papo hapo. Kisha nikaelewa. Siku zote zile alikuwa anajua siku zangu za kupita. Alikuwa anawasha moto jikoni nje, anachemsha maji kwa ajili yangu, kisha analisugua birika kwa majivu lisionyeshe, analileta ndani lininawishe fundi wa maji ya moto.

Nilikwenda kwenye tangi na mkono wangu mchafu. Lilikuwa baridi kama samaki wa asubuhi. Nilishika bomba jembamba, nikashika bomba nene. Yote mawili yalifanana. Ta Kagaruki angenitemea mate, na ningemshukuru.

Nikatoka hadi jiko la nje. Mafiga yalikuwa na moto mdogo, kigoda kiko karibu, blanketi limekunjwa juu yake. Ukuta mzima ulikuwa umetoka jasho la moshi. Alikuwa akiishi mle, wiki baada ya wiki, analala ndani ya nyumba ya baridi na kushinda kwenye moshi.

Nilirudi sebuleni. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani, basi nikamtupia yeye.

"Mae, kwa nini hukuniambia? Nimekuuliza. Nimekuuliza mara mbili nzima!"

Alikaa. Alichukua muda kupata pumzi ya kunijibu.

"Mwana wange, kila ukija hapa unaanguka kwenye kile kiti kama mtu aliyetua mzigo. Unanawa, unafumba macho. Nikuambie kazi yako imekufa? Nikupandishe ngazi kwenye mvua na magoti yale?" Akakohoa. "Nilisema mvua itakwisha. Jua likirudi, itaamka yenyewe."

"Na ule mgomba? Hukuona unafunika paneli?"

"Niliona. Mkungu ule namtunzia Erasto, akija Juni. Ungeukata wewe?"

 Hakuna mtu wa kwetu anayekata mgomba wenye mkungu mchanga, na yeye alijua kwamba najua.

Nimesema visiwani ndiko nilikoharibiwa. Sasa mnaona. Yule mama wa sangara alinitukana kwa sababu samaki wake alikuwa na haraka. Ma Damari alininyamazia kwa sababu alinihurumia. Alivuta moshi kwa sababu mimi nilionekana nimechoka. Nimejaribu miaka hii yote kuliweka jambo hilo mahali fulani moyoni ambapo halitanichoma, nimeshindwa.

Siku iliyofuata nilirudi na fundi mwenzangu, tukazihamisha paneli hadi juu ya nyumba kubwa. Nilipanda mimi mwenyewe. Ma Damari alisimama chini kwenye mlango akitaka kutoa panga, kwa kuwa sasa mambo yameshajulikana, mgomba ukatwe yaishe. Nikamkatalia kutoka juu. Mgomba ulikuwa hauna kosa. Jua lilipochomoza kidogo mchana, betri zikaanza kupanda, na kufikia kesho yake sakafu ikapata homa yake tena.

Kisha nikapanda kichuguu chenye mtandao, nikampigia Erasto, nikamweleza yote: stoo, magoti, mgomba, kahawa, birika. Ningeweza kusema ni mvua tu. Erasto alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia, fundi."  Ningependelea kutukanwa kwa Kijita.

Daktari alisema mama atapata nafuu ila kifua hakitarudi kilipokuwa wakati wa Krismasi. Kwaya aliacha. Siku hizi hukaa benchi la nyuma, wenzake wakisimama yeye hutikisa kichwa akifuata sauti ya pili kwa midomo tu. Mimi nilimaliza kazi chache nilizokuwa nimeahidi, nikafunga kisanduku changu cha vifaa. Watu husema nilistaafu kwa sababu ya magoti, nami huwaacha waseme.

Kwa hiyo ninachotaka kuwaachia ni kidogo. Mtafunga mashine hizi kwenye nyumba nyingi, na nyingi zitakuwa za wazazi wa watu, na wazazi wetu hawatawaambia ukweli. Watawaambia ni nzima, waitu. Watawapa kahawa. Pokeeni kahawa, lakini kabla hamjaketi, nendeni kwenye tangi mkalishike. Mtaonekana hamna adabu. Vumilieni.

Bado nakwenda Ijumbi. Mwezi uliopita nilikwenda, nikapita moja kwa moja hadi nyuma, nikashika tangi, nikashika mabomba, moja jasho, moja vuguvugu, ndipo nikarudi sebuleni kumpa Ma Damari shikamoo yake. Alikuwa akinisubiri na kikapu mapajani.

"Siku hizi unamsalimia huyo kabla yangu," alisema.

"Huyo hanidanganyi, Mae."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akainua mkono kunizuia nisiinuke. Kilipotulia nikamwuliza kifua kinaendeleaje.

"Ni kizima, waitu. Tunamshukuru Mungu."

 Nilivuta kile kiti nikakisogeza karibu naye hadi magoti yetu yakakaribia kugusana, nikakaa wima, nikaacha kuuliza, nikamsikiliza anavyopumua.